KUTU YA RANDA NA MSHAHARA WA FUNDI

Maneno yaliyosemwa na seremala wa reli mbele ya wafanya kazi waliokutana Kimana



Sisi tuliotoka Emali hatukuja na maneno makubwa. Tumekuja na randa moja yenye kutu na karatasi moja ya mshahara. Randa mmeiona. Karatasi yaonyesha kuwa mwenzetu alikatwa fedha kwa ajili ya randa hiyo na patasi mbili, maana ziliandikwa kwa jina lake, na siku ya ukaguzi zilikuwa nyekundu kama udongo. Paa la stoo lilikuwa likivuja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki ikiwa mali yake imeharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Paa kuvuja si kusudi la mtu. Lakini mwenzetu alipoulizwa alipaka oili lini mara ya mwisho, alinyamaza. Na sisi tuliokwenda kumtetea tulinyamaza pia, maana vyombo vyetu vilikuwa hivyo hivyo. Hilo ndilo lililotuleta.

Kutu ni chuma kilicholiwa na maji na hewa pamoja. Chumvi huiharakisha, na jasho la mkono lina chumvi. Wako wasemao kutu ni shida ya Mombasa, hapa ni jua tu. Sivyo. Baridi ya alfajiri chini ya Kilimanjaro hukipoza chuma ndani ya sanduku la bati, na unyevu wa hewa hutua juu yake kama umande. Tena ninyi mnaopigilia makasha ya nyanya mwafanya kazi na mbao mbichi. Unga wake ukilala katika mdomo wa randa usiku mmoja, asubuhi alama ipo. Na kuifunga patasi kwa mfuko wa nailoni ni kulaza chuma na maji kitanda kimoja.

Kutu nyepesi, paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, kisha sugua kwa waya laini wa kusugulia sufuria. Msumeno husuguliwa kwa urefu wake. Kwa uso wa chini wa randa, laza msasa laini juu ya kioo, upitishe randa juu yake. Ukisugua kwa vidole uso hautakuwa sawa.

Kutu nzito, vua mpini, laza chuma katika siki usiku mmoja. Usizidishe, maana siki ikimaliza kutu hula chuma chenyewe. Piga brashi, kisha osha kwa maji yenye kijiko cha magadi, yaue ukali wa siki. Magadi ni mali ya Kajiado hii hii. Reli ya kutoka Konza ilijengwa kwa ajili yake zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini nayo yana chumvi, basi suuza tena kwa maji safi, futa, anika juani, na upake oili papo hapo. Ukienda kunywa chai kwanza utakuta kutu imerudi.

Maji ya betri msiyaguse. Hula chuma na mkono. Wala msikaushe patasi motoni: ikigeuka buluu ugumu wake umepungua, haitashika makali.

Oili iwe ya cherehani, kidogo tu, kila jioni. Oili chafu ya injini hutia mbao madoa na kudhuru ngozi. Mafuta ya kupikia hukauka yakanata. Aliye mbali na duka atumie mafuta ya kondoo yasiyotiwa chumvi, ingawa panya huyapenda. Chini ya randa pitisha mshumaa, yateleza vizuri.

Sasa la chama. Tumemwandikia tajiri tukidai mkebe wa oili katika kila karakana, sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni, na hali ya chombo iandikwe siku mtu anapokipokea. Fedha za mwenzetu hazijarudi bado. Kila aliyekatwa kwa ajili ya chombo amletee katibu karatasi yake kabla ya kikao kijacho.

Randa hii twaiacha hapa mezani. Mafuta ya taa yapo. Mwenye mikono mitupu aje aanze kusugua.