Somo la 17: Tusitafute Fumbo Pasipo Fumbo



Ndugu wapenzi mnaotusikiliza vijijini, katika somo lililopita tuliitazama amri ya nane, inayotukataza kumsingizia jirani uongo. Leo twaendelea na amri hiyohiyo, kwa maana masingizio, kabla ya kufika mdomoni, hulala kwanza moyoni, nayo huitwa dhana.

Tazameni mambo ya kila siku. Jirani apita njiani asubuhi wala hasalimu. Sisi twaketi na kuulizana: Kwa nini amenyamaza? Anaficha nini? Jioni twakumbuka ya kwamba juzi alisimama akiwatazama mbuzi wetu. Mbuzi mmoja akiugua kesho, hukumu imekwisha kukatwa. Kumbe mtu yule alikuwa akiwaza karo ya shule ya mtoto wake, hata hakutuona. Au mama jirani atuletea bakuli la sombe. Badala ya kushukuru, twauliza anataka nini kwetu. Hataki kitu, alipika nyingi.

Mtume Paulo naye alidhaniwa hivyo. Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28, ya kwamba merikebu yake ilivunjika kisiwani Malta. Mvua ilinyesha, baridi ilikuwa kali, na wenyeji wakawawashia wageni moto. Paulo aliokota kuni, akazitia motoni, na nyoka akatoka kwa ajili ya joto, akamshika mkono. Papo hapo watu walidhani ya kwamba yeye ni mwuaji anayefuatwa na adhabu yake. Walingoja avimbe, wala hakuvimba. Basi wakageuka na kusema ni mungu. Mara mbili walitafuta maana iliyofichika, na mara mbili walikosa. Mungu ndiye aliyemlinda Paulo. Lakini nyoka alitolewa na joto, na Kitabu chasema hivyo wazi. Paulo hakuuliza ni nani aliyemtuma. Alimkung'utia motoni, kisha akaenda kumwombea mgonjwa wa homa na kuhara damu.

Bwana wetu pia, katika Injili ya Luka, sura ya 13, alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Alifundisha ya kwamba hawakuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu.

Nasi tutazame kwetu. Milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi nyingi zaidi duniani. Radi huelekea kilicho kirefu: mti, paa lililo kilimani, mtu aliyesimama peke yake shambani. Haiulizi jina lake. Bundi huja karibu na nyumba kwa sababu ghalani mna panya. Na homa ya malaria huletwa na mbu. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, alipokuwa India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Sasa sikilizeni vema. Mtoto akishikwa na homa, na wakubwa wakikesha wakitafuta aliyemroga, mabaya mawili hutendeka. Kwanza, mtoto hukosa dawa katika saa zile ambazo dawa ingemponya. Pili, hutafutwa mtu wa kubebeshwa kosa, na mara nyingi ni mjane mzee asiye na mwana wa kumtetea, au mtoto yatima. Wengine wamefukuzwa nyumbani mwao; wengine wamepigwa hata kufa. Na katika kundi la wenye fimbo walikuwamo watu waliobatizwa. Safari hiyo ilianza kwa neno dogo: Kwa nini hakusalimu?

Mtauliza: Je, hakuna uovu duniani? Upo. Mtu akitukosea, tumwendee peke yake na kumwambia kosa lake, kama Bwana alivyotuagiza. Lakini tuhukumu tuliyoyaona, tusihukumu tuliyoyadhani. Mtu akisema amechoka, tusadiki amechoka. Akinyamaza, tumwulize yeye mwenyewe, tusiwaulize wapiga bao.

Maswali ya kukumbuka

Dhana mbaya ni nini?
Ni kusadiki ubaya wa jirani pasipo sababu ya kutosha.

Dhana mbaya huvunja amri gani?
Huvunja amri ya nane.

Mtoto akiugua, Mkristu afanye nini?
Amwombee, na siku ileile ampeleke kituo cha afya.

Kusudi la juma hili: katika kijiji chenu yupo mmoja anayenong'onwa. Twendeni tumsalimu mlangoni pake, mchana, watu wote wakiona.

Mungu awabariki na kuwalinda. Amina.