Tuliyoyaona Miaka ya Themanini
(Maneno ya mama mlezi wa kikundi, siku ya sherehe)



Nimeombwa niseme juu ya uchumi mgumu. Nitasema niliyoyaona. Mabinti zetu wanadhani shida ya miaka ile ilikuwa sabuni na sukari tu. Kweli, foleni tulipanga tangu alfajiri. Nchi ilikuwa imetoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Lakini sisi wachuuzi kilichotuchosha zaidi ni kutojua kesho serikali itataka nini.

Hebu tazameni. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilifutwa. 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha. Mwaka 1983 ukaanza msako wa walanguzi, Waziri Mkuu akiwa Sokoine, na watu wakatupa mali usiku. Simsemi vibaya marehemu. Alipofariki kwa ajali Aprili 1984, nami nililia. Ila bajeti ya mwaka huohuo 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, wala haulizwi kazipata wapi. Jana mlanguzi, leo mwagizaji! Na bajeti hiyohiyo ikaondoa ruzuku ya sembe.

Mimi nilikuwa nauza maandazi stendi. Ilipokuja sheria ya Nguvu Kazi, 1983, mgambo walimwaga beseni langu, eti sina kazi, nirudi kijijini. Mtaji ukaishia mchangani. Haikupita miaka mitatu, hata wenye mishahara wakawa na vitumbua vyao pale stendi, ikaitwa miradi, na wakasifiwa. Mtaji wangu nani alinirudishia?

Ndiyo maana tulipoanza nilishikilia tusikopeshe fungu lote kwenye biashara moja. Wengine mlininunia, nakumbuka sana.

Sasa kuna pendekezo tutoe theluthi mbili ya mfuko tununue mashine ya kusaga, kwa kuwa tumeahidiwa msamaha wa kodi. Mashine siikatai. Nauliza: ahadi hiyo iko kwenye karatasi, au iko mdomoni mwa mtu? Na akihamishwa huyo mtu? Kwangu mimi, nusu ya fedha hizo inatosha kuanzia, na mashine iwe ndogo. Mkutano ni Jumamosi saa nane. Kitabu cha mahesabu nitakuja nacho mwenyewe.