Wiki ya Mvua: Maji Yatembee, Yasikimbie

 

Leo nataka tuzungumze juu ya wiki moja ambayo sisi wa Morogoro Mjini na vilima vyake tunaijua sana. Ni ile wiki ya Februari au Machi ambapo asubuhi jua linachoma, mchana joto linapita nyuzi 30, halafu mawingu yanashuka juu ya Uluguru, na ikifika alasiri mvua inamwagika kana kwamba mtu amepindua pipa. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Kuni zimelowa, moshi umejaa jikoni, nguo hazikauki. Kina mama wanaoteremka na ndizi na mboga kwenda sokoni wanavua ndala na kuzishika mkononi, maana njia inateleza kama sabuni. Na magugu je? Unapalilia Jumatatu, Jumamosi yameota tena.

Katika wiki kama hii wengi wetu tunakaa barazani kungoja mvua ipite. Si kosa. Lakini ipo kazi moja ya shamba ambayo huwezi kuifanya wakati wa kiangazi hata ukiwa hodari namna gani. Kazi hiyo ni kwenda kuona maji yanapita wapi.

Jambo hili sikulijua vizuri nilipotoka chuoni. Nilifundishwa na bibi mmoja mwenye shamba kwenye mteremko ulio juu ya mji, shamba la ukoo wa mama kama ilivyo desturi ya Waluguru. Nilimtembelea mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa tuta, pale mfereji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Lakini mwenyewe hujamwona. Rudi mvua ikinyesha."

Nikamwuliza, "Mwenyewe nani, bibi?"

Akajibu, "Maji."

Nilirudi Februari. Tukasimama pamoja shambani, mimi nimejifunika mfuko wa nailoni, yeye kajitanda kanga iliyolowa, hana wasiwasi. Maji hayakupita pale nilipoonyesha mimi. Yalishuka na njia ya miguu, yakakata kona kwenye shina la mgomba, yakaingia katikati ya mahindi, nayo yalikuwa mekundu. Wekundu ule, ndugu zangu, ni udongo wa juu, ndio wenye chakula cha mmea. Bibi alikuwa na vijiti mkononi. Kila mahali maji yalipoanza kukimbia, alichomeka kijiti. Mvua ilipokatika, shamba lilikuwa limechorwa ramani bora kuliko ile niliyochora mimi kwa kidole.

Labda mwingine atasema: maji ni maji tu, yatapita. Basi tukumbuke Mgeta, upande wa magharibi wa milima yetu hii. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha huko mvua ya karibu milimita 100 kwa saa chache tu. Milimita 100 maana yake kila kipande cha ardhi cha mita moja kwa mita moja kilimwagiwa maji ya kadiri ya debe tano. Ardhi ilimeguka na kuporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu walipokwenda kuyapima maporomoko yale, waliona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye ardhi ya majani matupu. Penye msitu yalikuwa machache mno, kwa sababu mizizi ya miti hushika udongo kama vidole.

Liko na somo jingine, nalo latuhusu sisi tunaoitwa mabwana shamba. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchonga ngazi pana milimani. Nia ilikuwa kuzuia udongo usiondoke. Lakini udongo wa milima yetu si wa kina mahali pote. Kuchonga ngazi kulifukia ule wa juu na kuleta juu ule wa chini usio na rutuba, mazao yakadumaa. Na kazi ilikuwa nzito, tena ya amri. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Wakati wote huo Waluguru walikuwa na njia yao: kulaza magugu na mabua kwa mistari inayokata mteremko, kisha kuyafukia kwa udongo. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo leo mimi siamrishi. Nasema haya ili uyajaribu kwenye kipande kidogo cha shamba lako, uone mwenyewe.

Kwanza, mvua ikinyesha, chukua vijiti uende shambani. Kama kuna radi usiende, ngoja zipite. Chomeka kijiti kila mahali maji yanapokusanyika na kuanza kukimbia. Mara nyingi utakuta yanaanzia kwenye njia ya miguu au kwenye matone ya paa la nyumba. Hapo ndipo pa kuanzia kazi, kabla hujagusa shamba.

Pili, ukipalilia wiki hii usikusanye magugu yote na kuyatupa pembeni. Tumezoea kusifu shamba jeupe kama uwanja wa mpira. Lakini shamba jeupe katika mvua kubwa ni shamba lililo uchi. Yalaze magugu kwa mistari inayokata mteremko. Mvua itapiga majani badala ya kupiga udongo, na mwisho wake yataoza yawe mbolea. Yale yanayoota tena upesi, kama sangari, yang'oe na mizizi uyaanike juani kwanza.

Tatu, tafuta mstari ulio sawa. Chukua fito mbili za mita 2, uzifunge juu zikutane, na katikati uweke ufito wa kukingama ili upate umbo la herufi A. Toka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha chombo hicho, weka alama pale kamba inapogusa ufito wa kukingama. Kigeuze, mguu wa kushoto ukae alipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho kukata mteremko, kila mara kamba ikikaa katikati chomeka kijiti. Hakuna fedha iliyotumika hapo.

Nne, katika mstari huo panda mabingobingo, au mananasi, ambayo utakula na kuuza. Kila unaposhuka kimo cha mtu mzima, weka mstari mwingine. Udongo utakwama hapo kidogo kidogo, na baada ya miaka kadhaa ngazi itajijenga yenyewe bila kufukia rutuba. Wiki hii ardhi ni laini na pandikizi hushika upesi. Ukingoja kiangazi, utamwagilia kwa ndoo.

Tano, pale palipo wima sana, pasipofaa hata kusimama, pawe pa miti.

Na neno la usalama. Ukiona ufa mpya ardhini juu ya nyumba, au chemchemi imegeuka tope ghafla, ondoa familia usingoje kukusanya vyombo. Mwezi wa Desemba 2023 tope lilishuka Katesh, huko Hanang, likaua watu zaidi ya 80.

Ndugu wakulima, udongo ukiondoka shambani haurudi. Ule wa pande za Mzinga unaingia Bwawa la Mindu, ambalo sisi wa mjini tunakunywa maji yake. Wa Mgeta unaingia Mto Ruvu na kuwafuata ndugu zetu wa Dar es Salaam. Kwako unabaki mwamba, na mwamba hauoti mahindi.

Basi mvua ikinguruma wiki hii na radi ikapita, usikae barazani tu. Chukua vijiti vyako, uwachukue na watoto, mkamwone mwenyewe. Maji yatembee, yasikimbie.