Chupa Inayolia

Leo tuongee habari za wadogo zenu kule nyumbani, wale wa darasa la kwanza na la pili. Wafanyieni jaribio hili. Lilitumiwa na wahudumu wa afya wa kijiji cha Ajoya, Mexico, kwa kibuyu. Sisi tutatumia chupa tupu ya plastiki.

Kata shingo ya chupa, kisha ichore uso. Kwa msumari wa moto (kazi hii ni yako, siyo ya mtoto) toboa matundu mawili madogo kwenye macho na jingine kubwa kidogo karibu na kitako. Yazibe kwa njiti. Jaza maji mpaka juu, funika kwa kitambaa chepesi kilicholowa. Huo ndio utosi.

Chomoa njiti za macho. Mtoto analia! Watacheka sana. Sasa chomoa ya chini: mtoto anaharisha. Wewe nyamaza, waache waangalie. Maji yakishuka kupita macho, machozi yanakauka, na utosi unabonyea. Hujawaambia kitu, wameona wenyewe.

Waulize, tumsaidieje? Wengi watasema, "Tuzibe!" Hapo ndipo penyewe, kwa sababu hata watu wazima wapo wanaomnyima maji mtoto anayeharisha, eti atazidi kuharisha. Jamani, kinachoua upesi ni kupungukiwa maji mwilini. Basi mpe mdogo wako kikombe, aondoe kitambaa na kumimina huku tundu la chini liko wazi. Akimimina mengi kuliko yanayotoka, machozi yanarudi.

Kwa mtoto wa kweli, tumia pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, siyo vya mlima. Onja kwanza: yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga. Mpe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Tangu 2004 WHO na UNICEF wanashauri pia vidonge vya zinki, siku 10 hadi 14; kliniki watakueleza kiasi. Ukiona damu kwenye choo, au mtoto amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Halafu rudieni jaribio, safari hii mdogo wako ahesabu: vikombe vingapi mpaka chupa ilie tena?