Sanduku la Pikipiki Baada ya Ajali: Kipi Kitengenezwe, Kipi Kibadilishwe



Tunazungumza leo juu ya kifaa ambacho wengi wetu hatukitilii maanani hadi siku kinapopasuka: sanduku la plastiki linalofungwa nyuma au ubavuni mwa pikipiki, ambalo mitaani huitwa boksi. Kwa msafiri, sanduku hilo ni mahali pa kuhifadhi koti la mvua na nyaraka. Kwa kijana anayesambaza chakula, dawa na vifurushi mijini, ni stoo yake, na bila hilo hakuna kazi siku hiyo. Pikipiki ikilala ubavu barabarani, sanduku la pembeni huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kugusa lami. Mwenye chombo huinuka, hujipangusa vumbi, hutazama mikwaruzo iliyotapakaa juu ya plastiki, kisha hujiuliza ni fundi yupi atakayelirudishia sura yake.

Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Mkwaruzo huchafua sura tu, haulifungui sanduku. Ufa uliojificha karibu na tundu la bolti ndio utakaoliangusha, na huenda likaanguka wakati pikipiki ya mwenzako ikikufuata kwa karibu. Kwa hiyo jambo tunalotaka mwondoke nalo ni hili: fedha ya matengenezo itangulie kwenye kile kinachoshikilia sanduku, ndipo ifike kwenye kile kinachong'aa. Ukarabati mbaya kuliko wote ni ule unaoficha ubovu chini ya rangi mpya.

Kabla ya kugusa chochote

Pigeni picha. Sanduku lote kwa mbali, kisha kila jeraha kwa karibu, na pikipiki ikiwa pale pale kama hali ya barabara inaruhusu na hakuna aliyeumia anayehitaji msaada wenu kwanza. Bima ambayo kila mwenye chombo cha moto analazimika kuwa nayo ni ile ya mtu wa tatu. Hailipi hasara ya mwenye chombo mwenyewe. Lakini ikiwa mwenye kosa ni yule aliyekugonga, bima yake ndiyo inayoweza kudaiwa, kwa kadiri hati yake inavyosema. Dai la namna hiyo huhitaji taarifa ya polisi na ushahidi wa uharibifu. Mtu aliyepeleka sanduku kwa fundi, likapigwa msasa na rangi kabla ya kukaguliwa, amefuta ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Ikiwa sanduku si mali yako bali ni la mwajiri au la kampuni inayokupa kazi, soma mkataba kwanza. Toa taarifa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ueleze lini na wapi tukio lilitokea. Usikubali kukatwa bei ya sanduku jipya kabla hujaonyeshwa kifungu kinachoruhusu makato hayo.

Namna ya kukagua

Toeni vyote vilivyomo, ondoeni sanduku kwenye keria, lisafisheni kwa maji na sabuni, kisha liacheni likauke. Tope la barabarani huziba nyufa nyembamba zisionekane.

Likishakauka, liingizeni chumba chenye giza na muwashe tochi ndani yake. Mstari wa mwanga unaopenya ni ufa uliofika upande wa pili. Tazameni pia sehemu zilizogeuka kuwa nyeupe katika plastiki ya rangi: weupe huo hutokea plastiki inapopindwa kupita uwezo wake, na hata kama haijapasuka, imekwisha kudhoofika. Bonyezeni kila pembe kwa kidole gumba mkisikiliza. Plastiki nzima hupinda kimya, iliyopasuka hulia.

Kisha kagueni vile vinavyobeba: bamba la chini linalokaa juu ya keria, matundu ya bolti, bawaba za kifuniko, kitasa, na keria yenyewe. Chuma cha keria kilichopinda kidogo hulivuta sanduku upande mmoja, na kila shimo la barabarani huongeza mvuto huo. Fundi anayetengeneza sanduku bila kuitazama keria ametengeneza nusu ya kazi.

Ijue plastiki yako

Hapa ndipo walaji wengi hupoteza fedha. Neno plastiki ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo huo wamo ndugu wasiopatana. Geuzeni sanduku mtazame upande wa ndani au wa chini. Watengenezaji wengi huchapa herufi ndogo. ABS ni plastiki ngumu inayokubali gundi na rangi. PP, yaani polipropilini, hunyumbulika zaidi na huzikataa gundi nyingi. PE, yaani polietilini, ni jamaa wa karibu wa PP na ina tabia hiyo hiyo. PC, yaani polikaboneti, ni ngumu mno lakini huumizwa na petroli, tina na asetoni: ikipanguswa kwa vimiminika hivyo huweza kupata nyufa ndogo ndogo zisizoonekana mara moja. Yapo pia masanduku ya faiba, ambayo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ya maji, wala hayayeyuki kwa moto.

Kama herufi hazionekani, kateni kipande chembamba kutoka ukingo usioonekana, mkitumbukize katika glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikielea, hiyo ni PP au PE. Kikizama, huenda ni ABS au plastiki nyingine nzito, na hapo mtahitaji fundi mwenye ujuzi aithibitishe. Kama sanduku lina sifongo ndani ya kuta zake, hakikisheni kipande mnachojaribu ni cha gamba gumu la nje.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili? Kwa sababu kuchomelea plastiki ni kuyeyusha vipande viwili hadi viwe kimoja, na plastiki za aina mbili hazichanganyiki. Mafundi wengi wa mitaani huziba ufa kwa kuyeyusha kipande cha ndoo au cha dumu kwa chuma cha moto. Ndoo na madumu kwa kawaida ni PP au PE. Kipande cha PP juu ya sanduku la PP, kikichomelewa vizuri, kinaweza kushika kwa miaka. Kipande hicho hicho juu ya sanduku la ABS kitakaa juu kama kigaga juu ya kidonda, na kitabanduka kwa mtikisiko wa kwanza mkubwa. Fundi hakuwa na nia mbaya, ila hakuuliza, na mteja hakuuliza.

Mikwaruzo isiyo na ufa

Ikiwa ukaguzi umeonyesha mikwaruzo tu, kazi hii yaweza kufanyika nyumbani kwa gharama ndogo. Nyuzi za plastiki zilizoinuka zikatwe kwa wembe, taratibu, bila kuchimba. Kwenye plastiki laini iliyopakwa rangi, piga msasa wenye maji, ukianza na namba 240 au 400 kwa mikwaruzo mirefu na kumalizia na 600 au 1000. Futa mafuta yote, paka praima maalumu ya plastiki, kisha puliza rangi kwa matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya linalofuata. Kwa PP na PE msiruke praima hiyo. Bila yake rangi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Plastiki nyeusi yenye vinyweleo, isiyopakwa rangi, ni habari nyingine. Msasa huondoa vinyweleo vyake na kuacha doa linalong'aa, baya kuliko mkwaruzo wenyewe. Hapo twashauri stika ya kuakisi mwanga ibandikwe juu ya sehemu iliyokwaruzika baada ya kusafishwa na kukauka. Bei yake ni ndogo kuliko ya rangi, huficha jeraha, na usiku huwawezesha wenye magari kuwaona mapema. Ni nadra kwa matengenezo ya urembo kuongeza usalama, hapa yanaongeza.

Nyufa

Ufa katika ukuta wa sanduku, mbali na bolti na bawaba, unaweza kutengenezwa. Kazi nzuri ina hatua ambazo mteja anaweza kuziona. Kwanza, fundi hutoboa tundu dogo la milimita 2 au 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Pili, hupanua ufa kwa kuuchonga umbo la herufi V, ili plastiki mpya iingie ndani isiishie juu. Tatu, huchomelea kwa ufito wa plastiki ya aina ile ile. Nne, kwa upande wa ndani, huongeza kiraka au wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Kwa ABS ipo njia nyingine: vipande vya ABS huyeyushwa ndani ya asetoni hadi viwe uji mzito unaopakwa ndani ya ufa na kuachwa walau saa 24. Faiba hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi yake, wala si kwa moto.

Supa gluu hushika upesi, lakini ikikauka huwa ngumu na dhaifu mbele ya mtikisiko. Inafaa kushikilia vipande wakati wa kazi. Isitegemewe kubeba mzigo.

Kazi hizi zifanyike mahali penye hewa. Moshi wa plastiki inayoungua una madhara kwa mapafu, na asetoni hushika moto kwa haraka. Watoto wasiwepo, na sigara isiwepo.

Visivyotengenezwa

Bamba la chini lililopasuka, matundu ya bolti yaliyovunjika, bawaba iliyokatika na kitasa kisichofunga havistahili kiraka. Vibadilishwe. Aina nyingi za masanduku zina vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja, na bamba au kitasa huwa na bei ndogo kuliko sanduku zima. Kama kipuri hakipatikani na mahali pa kufungia pamevunjika, sanduku hilo limemaliza kazi yake ya barabarani. Laweza kuhifadhi misumari nyumbani.

Tunaongeza neno moja juu ya kofia ngumu, kwa kuwa mara nyingi husafiri ndani ya sanduku hilo: kofia iliyogonga chini katika ajali ikiwa kichwani haitengenezwi kamwe. Sehemu yake ya ndani hujiminya mara moja ili kuokoa kichwa, na hairudi ilivyokuwa.

Makubaliano na fundi

Kabla ya kuacha sanduku, ulizeni: Hii ni plastiki gani, nawe umejuaje? Utatumia ufito gani? Utaimarisha upande wa ndani? Kazi itachukua siku ngapi? Ikiachia ndani ya mwezi mmoja, utairudia bila malipo? Bei na majibu haya yaandikwe, hata kwenye kipande cha karatasi chenye sahihi mbili. Ombeni kuuona ufa umechomelewa kabla haujafunikwa kwa rangi, au fundi aupige picha. Mkilipa, daini risiti. Bila risiti, malalamiko yenu yatakosa mguu wa kusimamia.

Siku ya kulichukua, msiridhike na macho. Mwagieni maji na mtazame ndani. Lifungeni kwenye keria, liwekeni mzigo wa kawaida, litikiseni kwa mikono miwili. Endesheni taratibu mwendo mfupi, kisha kagueni tena bolti na mshono. Na someni uzito ulioandikwa na mtengenezaji: masanduku mengi ya nyuma huruhusu kilo chache tu, mengine 3, mengine 10. Sanduku lililochomelewa lisipewe mzigo ambao hata jipya halikupaswa kuubeba.

Wanaonunua yaliyotumika

Maneno haya yanawahusu pia wanaonunua sanduku la mkononi. Rangi mpya juu ya sanduku la zamani ni sababu ya kulikagua zaidi. Ingizeni tochi, geuzeni, bonyezeni. Mwulizeni muuzaji waziwazi kama limewahi kuanguka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Picha, makubaliano na risiti ndizo zitakazowasemea.

Ndugu walaji, hatuwahimizi kutupa kila kilichokwaruzika. Kutengeneza ni busara, na mafundi wetu wana mikono ya kutegemewa wanapopewa maelezo kamili. Tunawaomba tu mfuate mpangilio huu: ushahidi, ukaguzi, kinachobeba, kisha sura. Sanduku lenye makovu lililoshikwa imara litakufikisha na mzigo wako, na anayekufuata nyuma atafika salama pia.