Kabla ya Kumwita Fundi: Umbo la Picha katika Televisheni Pana



Televisheni ya rangi ilipoanza Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kioo kilikuwa na kipimo cha 4 kwa 3, karibu mraba. Zinazouzwa leo Darajani ni za 16 kwa 9. Vipindi vya zamani havikubadilika. Vikivutwa vijaze kioo kipana, picha hunenepa kwa thuluthi nzima, mpira ukawa yai. Picha ikikuzwa badala ya kuvutwa, robo ya kimo chake hukatwa, na pamoja nayo huweza kupotea maandishi ya chini, hata tangazo la muandamo wa mwezi.

Hiyo si hitilafu, na haistahiki malipo ya fundi.

Anzeni kwenye king'amuzi. Katika mipangilio ya picha, chagueni 16 kwa 9 pamoja na umbo la asili. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwenye televisheni yenyewe, kwani kila chombo hupanga picha kivyake, na kurekebisha kimoja huenda kusitoshe. Mistari myeusi ya pembeni iacheni. Wapo wanaohisi wamepunjwa kioo, lakini huo ndio upana halisi wa kipindi cha zamani.

Mnaponunua, ombeni muoneshwe kitu cha duara, kama saa ya ukutani, kabla ya kutoa fedha. Ikiwa nyumbani duara bado inapinda baada ya marekebisho yote mawili, rudisheni televisheni kwa muuzaji, pamoja na risiti.