Kibali cha Redio Kimekufa, Mtihani Haujafa



Mumeniomba niseme juu ya karatasi zilizopotea. Nitaanza na moja ambayo vijana wa Mangobo hawaijui hata kwa jina: kibali cha redio-amatere. Amatere ni mtu mwenye posti yake ya kusema na kusikia, kama ile foni ya parokia na ya wachuuzi wanaoingia ndani. Tofauti ni kwamba yeye anafanya kwa kupenda na kujifunza, bila kulipwa. Anapewa jina lake la hewani. Majina ya Kongo yanaanza na 9Q. Wakati wa Wabelgiji yalianza na OQ.

Muzee mmoja wetu alikuwa nalo. Alifanya mtihani, akashinda, akasemezana na dunia miaka mingi. Halafu mnajua wenyewe: vita, kukimbia, kambi, kurudi. Mwezi wa sita mwaka 2000, zile siku sita za mabomu, nyumba alimoacha kartoni yake ya karatasi iliungua. Leo anataka kurudi hewani na kufundisha vijana. Anaulizwa: ushahidi uko wapi?

Watu wanachanganya mambo mawili hapa. Kibali kina tarehe ya mwisho. Kikipita, kimepita, na muzee lazima aombe kingine. Mtihani unasema tu kwamba siku fulani mtu huyu alipimwa akaonekana anajua. Hiyo haiozi. Kwa hiyo barua yake isiombe huruma. Iombe kibali kipya, na iombe ule mtihani wa zamani uhesabiwe.

Na jambo hilo si la ajabu. Marekani kibali cha amatere ni cha miaka 10, na ukichelewa unapewa miaka 2 ya kukifufua bila mtihani. Ikipita hiyo pia, tangu mwaka 2014 aliyekuwa na daraja la juu harudii yote: anafanya tena ule mtihani mdogo wa maswali 35, anahitaji 26, na mikubwa inahesabiwa kama alishaishinda. Mimi naona ni sheria yenye akili. Tena kanuni za dunia, zile za ITU, zinaagiza kila serikali ihakikishe ujuzi wa mtu kabla ya kumuachilia hewani. Zamani kwa mawimbi mafupi Morse ilikuwa lazima. Mwaka 2003 mkutano wa dunia uliondoa lazima hiyo. Muzee wetu anajua Morse mpaka leo. Alipimwa kwa kipimo kizito kuliko cha sasa!

Sasa ushahidi. Kartoni iliungua, sawa. Lakini amatere wana desturi nzuri: ukiisha kusemezana na mtu, unamtumia kadi yenye jina lako la hewani, tarehe, saa na wimbi. Inaitwa QSL. Maana yake kadi za muzee hazikuwa kwake. Ziko Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, katika makabati ya watu. Vienna, Austria, kuna nyumba ya kumbukumbu inayokusanya kadi hizi kwa wingi sana. Pia kulikuwa na kitabu kinene, Callbook, kilichochapwa kila mwaka na majina ya amatere pamoja na anwani zao, nchi kwa nchi. Marekani ukurasa wake unakubalika kama ushahidi. Sisi tutaambatanisha kila tutakachopata.

Angalieni jina la ofisi. Mamlaka ya ARPTC ilizaliwa na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002. Karatasi za kabla ya hapo zilitoka kwa mambo ya PTT. Muandike jina la wakati ule, msilibadilishe ili lionekane jipya. Tena mjini kuna watu wanaotengeneza karatasi za zamani jana jioni. Muwakimbie. Karatasi moja ya uongo inaua dosie yote, hata zile za kweli zilizo ndani.

Na muzee, samahani, nasema kwa heshima: posti isiwashwe kwanza. Kwa siku hizi za mapigano huko ndani, antena juu ya nyumba bila karatasi inaweza kukuitia askari.

Mama muuguzi, kijana mwenye cheti cha shule ya kambi, mekanisiye, swali lenu ni lilelile: nani mwingine alibaki na alama yangu? Mwenzako wa promosyo, rejista ya masista, daktari aliyekuandikia barua, shule yenyewe ng'ambo ya mpaka. Anzeni na attestation ya kupoteza karatasi, kisha andikieni waliobaki nazo. Kila barua mfanye mbili, ya pili ibaki na muhuri wa kupokelewa.

Wafadhili wetu, tunachohitaji ni kidogo: fotokopi, intaneti ya kutafuta, na nauli ya mtu wa kupeleka dosie Kinshasa na kuifuatilia.

Jumamosi, baada ya salongo, nitakuwa na meza chini ya mwembe. Muzee ataanza, kwa sababu jina lake la hewani analikumbuka bila kusoma. Wengine mje na chochote mlicho nacho, hata picha.